Nyumba ya Mkasi

Jana nimepeleka wanafunzi wangu wa gredi ya nne magofu ya Gede, mji wa kale wa Waswahili pwani ya Kenya uliohamwa na wenyeji wake. Nilipoanza habari za karne na masultani, watoto wakawa wanahesabu kima mitini. Nikaacha. Nikawaingiza Nyumba ya Mkasi, iliyopewa jina kwa mkasi uliofukuliwa humo, nikauliza: nani alikuwa akishona hapa? Kimya.

Mara mmoja akachungulia shimo la choo: "Mwalimu, kumbe walikuwa na choo ndani!" Kicheko. Mwingine ameinamia kisima: maji alikuwa akiteka mama mwenye nyumba au mtumwa? Hilo, jamani, sikulitarajia. Tukakaa palepale.

Kaburi lenye tarehe, 802 Hijria (1399), tulilipita mbiombio. Kwenye matatu bado walibishana mwenye mkasi alihamia wapi.