Kutoka Kibirizi hadi Mtanga kwa kayaki: nilivyowaongoza vijana wa chuo

Kikao na wazazi kabla ya safari kilitawaliwa na hofu ya kina cha ziwa. Ziwa Tanganyika linashuka hadi mita 1,470, na duniani kote ni Baikal la Urusi tu linalolizidi. Mama mmoja aliyekulia Ujiji alilitaja jambo hilo kabla yangu. Niliwaambia ninachoamini: asiyejua kuogelea huzama hata mahali anapoweza kusimama. Kinachomwokoa mtu ni jaketi okozi lililofungwa sawasawa na mwenzake aliye karibu wa kumfikia upesi. Niliahidi kwamba tungefuata ufukwe muda wote, na mtumbwi wa injini ungekuwa nyuma yetu mwanzo hadi mwisho. Barua za ruhusa zikasainiwa.

Tulikodi kayaki sita za plastiki za watu wawili wawili, zile za kukaa juu yake, ambazo maji yakiingia hutoka yenyewe kwa matundu ya chini. Kwa wanaoanza sitaki aina nyingine. Ile ya kuingiza miguu ndani huenda kasi zaidi, lakini ikipinduka hujaa maji, na kuikausha katikati ya mawimbi kunataka mkono uliozoea. Njia ilikuwa ya kaskazini: tuondoke Kibirizi, ufukwe wa Kigoma, tupite Kalalangabo, tulale Mtanga, kijiji kinachopakana na Hifadhi ya Gombe upande wa kusini. Gombe yenyewe iko kama kilomita 16 kutoka Kigoma mjini. Hatukupanga kuingia, maana hifadhi ina viingilio vyake na mfuko wa wanafunzi una mwisho.

Tarehe niliichagua kwa kuangalia mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hupumzika, hushona nyavu na kukarabati vyombo. Siku hizo ndipo unapompata mvuvi mzoefu wa kukusindikiza kwa mtumbwi, na bei inazungumzika kwa sababu chombo kimelala. Tulimpata mzee mmoja aliyevua maji yale tangu ujana wake. Nilimwambia mbele ya vijana wote: "Mzee wetu, ukisema turudi, tunarudi. Hakuna mjadala."

Kabla ya safari tulikwenda kwenye maji ya kiuno upande wa Bangwe, na somo la kwanza lilikuwa kupinduka. Nilitaka kila mmoja aanguke ziwani mara nyingi hadi kuanguka kusimshtue tena. Kayaki ikilala kifudifudi, mmoja hushika makafi na kuhakikisha mwenzake ameibuka. Mwingine hulala kifua juu ya tumbo la kayaki, hunyoosha mikono hadi ukingo wa pili, huushika, kisha hujitupa nyuma kwa uzito wa mwili wote. Inageuka. Halafu mmoja huning'inia upande huu kuizuia isilale, na mwenzake upande wa pili hupiga miguu kama anayeogelea hadi tumbo lake lifike juu ya kiti, ndipo ajigeuze na kukaa. Wengi hujivuta kwa mikono peke yake. Miguu inaingia chini ya kayaki, nayo inapinduka tena. Ni miguu inayokupandisha.

Wasioweza kuogelea walikuwa wanne. Kwao nilitumia muda mwingi kuliko kwa wengine wote: kulala chali wakiwa na jaketi, uso juu, kuuacha mwili ubebwe na maji. Binti mmoja alinishika mkono kwa muda mrefu na sikumharakisha. Hofu ya maji haiondoki kwa kuamriwa. Jaketi nililipima kwa kulinyanyua mabegani. Likipanda hadi masikioni, halijafungwa.

Kigoma jua huchomoza kama dakika 40 baada ya Dar es Salaam, na vilima vilivyo nyuma ya ufukwe huongeza kivuli. Tuliondoka mara tu tulipoweza kuonana nyuso. Asubuhi upepo hushuka kutoka vilimani kwenda ziwani. Ukiwa chini ya vilima huusikii, maji yametulia kabisa. Ukitoka nje kidogo unaanza kukusukuma mgongoni kuelekea Kongo, na kurudi ni kazi nzito kwa anayejifunza. Kwa hiyo kila ghuba tuliifuata kwa ndani, hata pale kukata moja kwa moja kulipoonekana njia fupi. Midomo ya vijito yenye matete tuliipita kwa mbali kwa ajili ya mamba na viboko. Wenye mwendo wa polepole niliwaweka mbele, maana aliye mbele ndiye anayeamua mwendo wa wote. Wanaoanza huenda kama kilomita nne kwa saa, nami nilitaka wote wawe nchi kavu kabla upepo haujageuka mchana.

Mtanga tulipeleka barua kwa mtendaji wa kijiji. Wenyeji walituonyesha maji yalikofika ziwa lilipopanda miaka ya karibuni, tukafunga mahema juu ya hapo. Tulikula ugali wa muhogo kwa dagaa waliokaangwa kwa mawese, na maji ya kunywa tuliyachemsha.

Alfajiri ya kurudi, upepo wa kusini mashariki ulikuwa umeshaamka. Nje ya rasi mawimbi yalikuwa yakivunja povu jeupe. Mzee alisimama ufukweni kitambo, kisha akasema, "Leo ziwa limekataa." Vijana walikuwa na jaribio darasani siku iliyofuata. Wawili, wenye nguvu kuliko wote, walinifuata: "Mwalimu, turuhusu sisi tutangulie na mtumbwi, wengine watafuata." Hoja yao haikuwa ya kipuuzi; wangeweza kufika. Lakini chombo cha uokoaji kingekwenda na wenye uwezo na kuwaacha wanyonge, na hilo sikuwa tayari kulifanya. Nilikataa. Waliniudhikia asubuhi nzima, na ninawaelewa.

Sikutaka wakae bure. Tulijifunza kuvuta kayaki kwa kamba, kisha tukaenda kuwasaidia akina mama kugeuza dagaa kwenye vichanja. Mama mmoja aliwaeleza kwa nini ameacha kuanika mchangani: dagaa wa kichanja hana mchanga, hukauka upesi, na mnunuzi humlipia zaidi. Hapo hasira zilianza kupoa.

Kesho yake upepo ulilegea tukarudi Kibirizi bila hata kayaki moja kupinduka. Mhadhiri aliwapa jaribio jingine. Kilichokula fedha nyingi ni mafuta ya injini, na siku ya ziada iliongeza. Nilikuwa nimetenga mapema chakula, mafuta na malipo ya mzee kwa siku moja zaidi. Anayepanga safari ya ziwa kati ya Mei na Agosti afanye hivyo, na kwenye barua ya ruhusa aandike wazi kwamba tarehe ya kurudi inaweza kusogea. Yangu iliandikwa hivyo, ndiyo maana simu nilizowapigia wazazi kutoka Mtanga zilikuwa fupi.