Kilishio Kilichowashinda Panya na Kunguru Uani Kwangu

Nasema kwa fahari kwamba sasa chakula cha kuku wangu kinaliwa na kuku peke yao. Kwa mfugaji wa uani hapa Mbagala, Dar es Salaam, hilo si jambo dogo, kwani mchana kuna kunguru na shomoro, na giza likiingia panya hutoka mtaroni kumalizia kilichobaki. Kuku wa mayai hula takriban gramu 120 kwa siku, lakini mfuko wangu wa kilo 50 ulikuwa ukiisha mapema mno kwa idadi ya kuku nilionao.

Ushauri niliopewa uliniudhi. Wengi waliniambia niweke sumu, ilhali sumu nyingi za panya huua baada ya siku kadhaa, na panya aliyekwisha kulegea huzurura uani mchana hadi kuku wakamdonoa na kumla. Muuzaji mmoja wa vifaa vya mifugo alinihakikishia kwamba dawa ni bomba la plastiki la inchi 4 la kuwekea chakula, lenye kiwiko chini. Ni kweli kuku waliacha kuparura chakula na kukimwaga, lakini mdomo wa bomba ulikaa wazi usiku kucha. Asubuhi nilikuta kinyesi cha panya kimelala juu ya pumba ndani ya kiwiko, na ukingo wa plastiki umetafunwa hadi chakula kinamwagika chenyewe. Kinyesi hicho hueneza bakteria wa salmonela, kwa hiyo hasara haiishii kwenye chakula.

Nilichohitaji ni chombo kinachofunguka kwa uzito wa kuku tu. Fundi wa mageti alinitengenezea sanduku la bati ambalo mfuniko wake umeunganishwa na kikanyagio: kuku akipanda, mfuniko hunyanyuka, akishuka, hujifunga. Nililipa kama bei ya mifuko miwili ya chakula hivi, na nilimsisitizia akunje kingo zote zisije zikawakata kuku shingo.

Kazi iliyonifurahisha zaidi ilikuwa kupima. Panya wa mjini ni nadra kuzidi nusu kilo, kunguru wetu hafiki gramu 400, na tetea wangu chotara wanapita kilo moja na nusu. Basi nikaweka pakiti ya sukari ya nusu kilo juu ya kikanyagio, na mfuniko ukanyanyuka. Tukafunga nati nzito juu ya mfuniko, tukapima, tukaongeza nyingine, mpaka nusu kilo ikawa haitikisi kitu na pakiti ya kilo moja ikaufungua wote.

Usiwape kuku chombo hiki kikiwa kimefungwa, kwa maana mlio wa bati huwashtua. Mimi niliuegemeza mfuniko kwa tofali ukae wazi kabisa, walipozoea nikauteremsha nusu, kisha nikaondoa tofali. Tetea mmoja jasiri akaanza, wenzake wakamwiga. Vifaranga hawana uzito wa kukifungua na wanaweza kubanwa, hivyo wangu hula kwenye sahani yao, ambayo mimi huiondoa kabla ya magharibi, maana kuku hali gizani. Mfuko wa chakula nao nimeuhamishia kwenye pipa la chuma, kwa sababu panya aliyekosa sandukuni huuendea moja kwa moja.