Mabomba ya Milimani, mfereji wa Bondeni

Mimi ni fundi wa mabomba hapa Nakuru, na kazi hii hukufundisha historia hata kama shuleni ulikuwa unasinzia. Nipeleke mtaa wowote wa zamani wa mji huu, nipe sururu, nitakwambia ulijengewa nani. Milimani, huko juu kwenye mteremko wa Menengai, unachimba na kukuta bomba nene la chuma linaloingia kwenye nyumba moja tu. Ndani kuna bafu, choo cha kukalia na jiko lenye sinki. Uani kuna tangi la majitaka la familia hiyo peke yake. Shuka sasa hadi Bondeni, au kwenye landi za reli, makazi ya wafanyakazi wa reli. Huku bomba lilifika nje likakomea hapo. Mfereji ulikuwa mmoja, foleni ya ndoo, vyoo vya pamoja mwisho wa mstari. Wahindi waliwekwa katikati, karibu na maduka yao. Wala fundi hakukosea vipimo. Mji ulipangwa hivyo, rangi kwa rangi.

Vijana ninaofanya nao kazi wanadhani ubaguzi wa rangi ulikuwa wa Afrika Kusini na Marekani. Wanamjua Mandela, wanamjua Martin Luther King, lakini ukiwauliza kipande kilikuwa nini, wanakutajia kipande cha mkate.

Babu yangu alitoka Bunyore akaja kufanya kazi ya reli Nakuru, akakivaa. Sheria ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa Vita vya Kwanza vilipokwisha: kila mwanamume Mwafrika aliyekuwa mtu mzima aandikishwe, alama za vidole zichukuliwe, na karatasi itiwe kwenye kikopo cha chuma anachoning'iniza shingoni. Ndani yake tajiri aliandika umelipwa nini na umeacha kazi lini. Asipotia sahihi ya kukuachilia, hakuna kwingine utakakoajiriwa, na ukionekana njiani huna hicho kikopo, unafungwa. Harry Thuku alipokamatwa Machi 1922 kwa kupinga mambo kama hayo, watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi, Muthoni Nyanjiru akawachochea wanaume wasogee mbele, risasi zikapigwa. Serikali ilikiri watu 21 waliuawa. Walioshuhudia walisema ni wengi zaidi.

Lakini kisa alichokipenda babu ni cha baadaye, baada ya Vita vya Pili. Mwaka 1947 serikali ikatunga sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote, Wazungu nao wakiwemo. Alama za vidole kwa wote! Masetla, Wazungu wenye mashamba, walikuja juu. Eti wao si wahalifu wa kupakwa wino vidole. Mwishowe ikakubaliwa kwamba anayejua kusoma na kuandika anaweza kutoa picha na sahihi badala yake. Babu alikuwa akifika hapo anacheka mpaka anakohoa. Miaka karibu thelathini kidole cha Mwafrika kilipakwa wino bila aliyeona haya, ilipofika zamu ya Mzungu ndipo ikagundulika kwamba ni aibu.

Nje ya mji mambo yalikuwa mazito zaidi, maana huko kulikuwa na ardhi. Sheria nyingine ya 1915, ya ardhi, iliruhusu setla kukodishiwa shamba kwa miaka 999. Njoro, Molo, Elmenteita, Subukia, zote zikawa nchi ya Wazungu, Mwafrika akiruhusiwa kukaa humo kama skwota tu: umlimie tajiri siku zisizopungua 180 kwa mwaka, nawe upewe sehemu ya kupanda mahindi yako na kulisha mbuzi. Baadaye wakaona hata hao mbuzi wamezidi, wakapunguza. Waliohamishiwa makazi ya serikali ya Olenguruone nao wakaambiwa walime kwa masharti ya serikali, wakakataa, wakala kiapo, na mwishoni mwa miaka ya 1940 wakafurushwa. Wengi wetu tukisikia Mau Mau tunafikiria msitu wa Aberdare na Mlima Kenya. Sehemu ya moto ule iliwashwa huku kwetu.

Hata kura ilikuwa na rangi. Mwafrika wa kwanza kuingia baraza la kutunga sheria, Eliud Mathu, aliteuliwa mwaka 1944. Kuchagua wetu wenyewe tulianza Machi 1957, viti vinane nchi nzima, na si kila mtu aliyepiga kura. Hao wanane, akina Odinga, Mboya, Muliro na Moi, walikataa kuingia serikalini mpaka viti viongezwe. Babu aliwaheshimu kwa hilo hata walipokosana baadaye.

Agosti 1963 Kenyatta akaja hapa Nakuru kuzungumza na masetla. Aliwaambia wasikimbie, walime, na pande zote mbili zisameheane. Ilikuwa hotuba ya busara, nakubali, nchi ilihitaji chakula. Ila mimi husema msamaha ule ulikuwa na risiti. Mashamba yalinunuliwa kwa mikopo, na aliyenyang'anywa babu yake ndiye aliyelipa. Mwenye pesa na aliyejuana na wakubwa alipata shamba zima, wengine wakaungana kwenye makampuni ya kununua ardhi wakagawana ekari chache. Nyumba za Milimani zilikwenda kwa njia hiyo hiyo. Rangi ya mwenye nyumba ilibadilika. Nyumba haikubadilika.

Mwezi uliopita nilikuwa na kazi katika mojawapo: kung'oa mabomba ya chuma yaliyooza na kuweka ya plastiki. Nyuma kabisa, mbali na jiko, kuna chumba cha mtumishi. Kidirisha kiko juu karibu na paa, mlango umegeuzwa usiitazame nyumba kubwa. Ukutani bado kuna waya wa kengele unaotoka chumba cha kulala cha mwajiri. Kwenye choo, chini ya ukuta wa nyuma, kuna kimlango cha chuma kilichozibwa kwa saruji. Humo ndimo ndoo ilivutwa usiku na watu wa kuzoa, wakipitia kichochoro cha nyuma ili wasionekane. Nyumba kubwa ina vyoo viwili vya maji.

Mwenye nyumba sasa ni mama mmoja mstaafu, mtu mwema, alitupa chai na mandazi kila siku. Nilipofika kwenye hesabu ya laini za maji moto nikamuuliza, "Mama, na huku nyuma kwa msichana, nitoe laini ya moto?"

"Aa, fundi, huko ya baridi yanatosha. Hata kwao hakuna ya moto."

Nikamwambia ni mita chache tu za bomba, na Nakuru asubuhi mama anaijua. Akasema bei imeshapanda, atafikiria. Sikubishana naye, ni mkubwa kwangu na nyumba ni yake. Lakini nimeacha tii, kiungo cha kutolea tawi la bomba, kwenye laini ya moto pale pembeni mwa jiko, nimeiziba kwa plagi. Akibadilisha nia ni kuchomelea tu, na ufundi sitamlipisha.