Boti za Kigoma katikati ya Sahara

Leo mchana hapa Kigoma, boti tunazozifuatilia katika Ziwa Tanganyika zilionekana kwenye ramani zikikatiza Jangwa la Sahara.

Data zilikuwa zikiingia na kutoka bila ujumbe wowote wa hitilafu, jambo ambalo kwangu ni baya kuliko programu kugoma kabisa.

Tukayaelekeza matokeo kwenye faili la maandishi badala ya ramani, ndipo tukaona: latitudo (kaskazini au kusini mwa ikweta) 29.63, longitudo (mashariki au magharibi) -4.88.

Kifaa cha GPS kinachotuma mahali boti ilipo hutanguliza latitudo, ilhali programu iliisoma namba ya kwanza kama longitudo. (Tuko kusini mwa ikweta, ambako latitudo huandikwa kwa alama ya kutoa; alama ile ni ya latitudo!)

Mpangilio uliporekebishwa, taarifa zilizofuata zikaziweka boti ziwani.

Wenzangu wa GPS, ninyi huanza kukagua kifaa au seva (kompyuta inayopokea data)?