Samoni akishataga, safari bado
Wengi tunajua samoni, yule samaki anayetoka baharini kupanda mtoni kutaga, akitaga anakufa, na wale wa Pasifiki karibu wote ni hivyo kweli, ila samoni wa Atlantiki baadhi yao wanabaki hai, wamekonda vibaya mno, wengine wanakaa mtoni msimu wote wa baridi ndo wanashuka baharini. Kuwafuatilia, samaki anawekewa kifaa kidogo kinachotoa mlio wenye namba yake, vipokezi vilivyotegwa majini vinarekodi kila akipita. Huko mbali baharini kuna tagi ya setilaiti, yaani kifaa kingine anachofungiwa samaki, inajiachia yenyewe kutoka kwake, inaelea juu ndo inatuma data, maana redio haipenyi maji ya chumvi. Kinachoniuma ni mabwawa jamani, kavumilia yote hayo halafu anakwama ukutani! Wajengewe njia ya kushuka pia, sio ya kupanda tu.