Jana nilikuwa Beaumont-Hamel

Jana nimeenda Beaumont-Hamel, kule kaskazini mwa Ufaransa upande wa mto Somme, na hivi naandika viatu bado vina tope la kule, sijaweza kuvisafisha.

Ni uwanja wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Nilishasoma kabla ya kwenda kwa hiyo nilijua kilichotokea, au nilidhani najua. Kilichonishtua ni udogo wa mahali penyewe. Mimi nikisikia uwanja wa vita nawaza tambarare hadi macho yanaishia, kumbe pale unasimama kwenye handaki la mbele la Waingereza, unatazama chini ya mteremko na unaona kabisa Wajerumani walikuwa wapi. Ni mwendo wa dakika chache tu. Katikati kuna mahali ulipokuwepo mti mmoja ambao wengi hawakuupita, wakauita mti wa hatari.

Tarehe 1 Julai 1916 asubuhi. Kikosi cha Newfoundland, ambayo wakati huo haikuwa hata sehemu ya Kanada, ni kisiwa cha wavuvi kinachojitegemea chini ya Mwingereza. Saa moja na dakika 20 Waingereza wakalipua bomu kubwa walilolichimbia chini ya kilima cha jirani, dakika kumi kabla ya mashambulizi yenyewe kuanza, yaani ni kama wamempigia adui kengele aamke. Mawimbi ya kwanza ya askari yakafyekwa. Ikafika saa tatu na robo hawa vijana nao wakaambiwa waende, na njia za mahandaki zilishaziba kwa maiti na majeruhi, ikabidi watoke juu kweupe wakiwa bado nyuma kabisa, wapite kwenye vipenyo vya seng'enge zao wenyewe ambavyo bunduki za rasharasha za Wajerumani zilishavilenga. Walitoka karibu 800. Nusu saa hivi, basi. Kesho yake majina yalipoitwa wakaitika 68.

Nilikaa pale kwenye 68 muda mrefu. Sio wale waliokufa, nawaza hao 68, umesimama mstarini majina yanaitwa na pembeni yako kimya.

Sasa hivi ni majani tu, kijani kizuri mpaka unajisikia vibaya kwamba unakiona kizuri. Mahandaki yapo, yamepinda pinda na nyasi zimeyafunika, mashimo ya makombora nayo yapo kila mahali kama ardhi iliyougua ndui. Kuna sehemu huruhusiwi kukanyaga maana chini bado kuna mabomu ambayo hayajalipuka, humo wanachungia kondoo wapunguze majani. Ardhi yote ilinunuliwa baada ya vita, padri wao aliyekuwa na kikosi, Thomas Nangle, ndo alizungumza na wakulima wa pale wenye mashamba, watu wa Newfoundland wakaleta miti ya kwao wakaipanda kuzunguka, bustani ikafunguliwa Juni 1925. Nimeigusa ile miti. Sijui kwa nini hilo ndo lilinitoa machozi, labda kwa sababu mtu alifikiria kwamba hawa watoto wamelala mbali, wawe basi na kivuli cha nyumbani.

Juu ya kichuguu cha mawe kuna sanamu ya caribou, mnyama wa baridi mwenye mapembe makubwa, ndo alama ya kikosi chao, anatazama kule waliko adui. Chini yake kuna vibao vitatu vya shaba vyenye majina 820, askari na mabaharia wa Newfoundland ambao makaburi yao hayajulikani. Nikaanza kuyasoma na kidole. Majina ya ukoo yanajirudia, nadhani ni ndugu, na nilipofika katikati ya kibao cha pili nikashindwa kuendelea.

Maana bibi yangu alikuwa akitusimulia kwamba babu yake alichukuliwa vita hiyo hiyo kubeba mizigo, hakurudi. Mchukuzi. Wale wa Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi cha Mwingereza, ambao kambi yao Dar ndo imeacha jina la Kariakoo. Pale kwenye Sanamu ya Askari mjini maandishi yanawataja wachukuzi kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanasema ukipigania nchi yako hata ukifa watoto wako watalikumbuka jina lako, lakini majina yenyewe hayapo. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri yenyewe kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina na pengine hawakukumbukwa kabisa. Vita ile ile, mfalme yule yule. Na mimi siwaonei wivu wale vijana wa Newfoundland, wanastahili kila herufi pale, ila nilisimama nikiwa na hasira ambayo sikuitegemea.

Nikampigia mama pale pale, upepo mkali hasikii vizuri. Nikamuuliza yule babu wa bibi aliitwa nani. Akataja jina moja, akasita, akasema hapana hilo ni la mdogo wake. Amesema niwe na subira atampigia shangazi wa kijijini, yeye ndo analijua lote mpaka jina la baba yake. Nimekaa na simu mkononi tangu jana.