Wae Rebo hawauzi kiwanja

Kila nikiweka picha za Flores, kisiwa cha Indonesia, haichukui muda ujumbe unaingia kutoka nyumbani: "Kaka, viwanja huko vinaendaje?" Watu wameona boti nyeupe za Labuan Bajo na wale kenge wakubwa wa Komodo, wakapiga hesabu zao. Mimi naishi hapa Labuan Bajo, kazi yangu ni kwenye boti za wapiga mbizi, na swali hilo nimelijibu kwa simu mpaka ulimi umechoka. Leo naliandika, na nitalijibu kwa kupitia kijiji kimoja tu, Wae Rebo, maana ndicho mnachonitumia picha zake kila siku mkiuliza kama ni Flores kweli.

Ni Flores kweli. Kiko milimani upande wa kusini-magharibi wa kisiwa, wilaya ya Manggarai, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapa mjini ni saa nne hadi sita za gari, inategemea barabara na moyo wa dereva. Gari mwisho wake ni Denge. Hapo unapanda ojek, bodaboda ya huku, mpaka mto Wae Lomba, na kuanzia mtoni ni miguu yako tu, msituni, kilima juu ya kilima. Mwenye pumzi hutumia kama saa mbili. Masika ruba wanakungoja kwenye majani na wanajua kupita hata kwenye soksi. Unamkuta ameshashiba ndipo unagundua.

Karibu na kijiji kuna kibanda. Mgeni anagonga kipande cha mwanzi kilichotobolewa ili walio chini wajue kuna watu wanakuja. Baada ya hapo kamera inarudi mfukoni. Hupigi picha wala huzunguki mpaka uingizwe nyumba kuu, ukunje miguu kwenye mkeka, na mzee akuombee kwa wahenga wa kijiji. Wanaiita Pa'u Wae Lu'u. Mzee anazungumza Kimanggarai kwa sauti ya chini, moshi wa jikoni unakuuma macho, unatoa fedha kidogo ya heshima, basi, umeshakuwa mtu wa nyumbani mpaka utakapoondoka. Na hawa ni Wakatoliki, kama ilivyo sehemu kubwa ya Flores. Aliyekulia Bukoba hashangai: Jumapili misa, na wahenga nao wana haki yao.

Nyumba zenyewe ziko saba, zimekaa nusu duara kuzunguka uwanja wenye jukwaa la mawe liitwalo compang. Hapa Mhaya yeyote angesimama. Ni msonge wetu kabisa, nyasi kutoka kileleni mpaka karibu na ardhi, ila wao wameupandisha juu mpaka karibu mita 15 na kuugawa ndani mara tano. Chini, lutur, wanaishi watu: familia kama sita au nane, kila moja na chumba chake pembeni, jiko katikati. Juu yake ni lobo, ghala la chakula na vyombo. Kisha lentar ya mbegu, kisha lempa rae ya akiba mvua zikigoma. Kileleni kabisa, hekang kode, panawekwa sadaka za wahenga. Mihimili imechomekana na kufungwa kwa henzirani, bila msumari.

Sasa nyie wa uwekezaji, sikilizeni hapa. Mwaka 2008 nyumba zilizobaki zilikuwa nne. Wasanifu wa majengo kutoka Jakarta, wakiongozwa na Yori Antar, walifika, wakatafuta wafadhili, na wanakijiji wenyewe wakajenga, wazee wakiwafundisha vijana namna ya kufunga kila fundo. Mwaka 2012 UNESCO iliupa mradi huo tuzo yake ya juu ya hifadhi ya urithi kwa Asia na Pasifiki. Mwaka uliofuata ukaingia orodha ya mwisho ya tuzo ya usanifu ya Aga Khan. Waliotoa pesa zile hawakuondoka na hisa wala kipande cha ardhi. Nadhani ndiyo sababu ulifanikiwa.

Leo mgeni analipa ada moja iliyopangwa na kijiji: kulala, chakula cha jioni na cha asubuhi. Mnalala safu moja kwenye mikeka ya ukindu, Mjerumani, Mjava na Mhaya, na anayekoroma ni wenu wote. Akina mama wanapika kwa zamu, wanaume wanaongoza wageni na kubeba mizigo. Mkifika katikati ya wiki mtaona watoto wachache, maana wa umri wa shule wanakaa bondeni Kombo, ambako nusu ya ukoo imehamia.

Kuhusu kiwanja. Sheria ya ardhi ya Indonesia ya mwaka 1960 inampa raia peke yake haki kamili ya kumiliki. Mgeni anaweza kupata haki ya kutumia kwa muda, au afungue kampuni ya uwekezaji ambayo mpango wake lazima uzidi rupia bilioni 10, ardhi na majengo bila kuhesabiwa. Ule ujanja wa kuandikisha kwa jina la rafiki au mchumba sheria hiyohiyo inaubatilisha, na nimeona Wazungu wakilia hapa mjini. Wae Rebo ndiyo kabisa: ardhi ni ya ukoo, na wazee wa kimila ndio wenye neno. Wamanggarai si watu wa kusukumwa. Serikali iliitangaza Flores kisiwa cha jotoardhi mwaka 2017, lakini kule Poco Leok, wilaya hiyohiyo, wanakijiji bado wanawazuia watu wa mradi njiani.

Penye nafasi ni kwenye kahawa. Wakati wa mavuno uwanja mzima unafunikwa na mikeka ya buni, arabika na robusta, na asubuhi unaamshwa na mchi kwenye kinu. Nilikulia kwenye kahawa, nikaichota mkononi: nzuri, lakini punje kubwa na ndogo, mbivu na mbichi, vyote mfuko mmoja. Kuichambua, kuikausha kwa chanja, kuifunga vizuri na kuipeleka kwenye mikahawa ya Labuan Bajo, hiyo ni biashara, na haihitaji hati ya kiwanja. Sheria ya vijiji ya mwaka 2014 inaruhusu kijiji kuwa na kampuni yake. Kaa nao mezani, nunua kwa bei inayoeleweka, mwaka wa kwanza usitegemee faida. Nyumba za kulaza wageni zijengwe Denge kwenye barabara, na wenyeji wameshaanza.

Anayekuja kutembea tu, njia ni kavu kati ya Aprili na Oktoba. Sikukuu yao ya mwaka mpya, Penti, ni Novemba. Ngoma zipo, matope pia. Beba jaketi, na pesa taslimu toa kabisa mjini, Ruteng au Labuan Bajo. Kule juu usitegemee simu, na M-Pesa yenu haijafika.